Sandwichi ya Kiitaliano nyumbani Dar: mkate, nyama, achari na namna ya kuipanga

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Mbona mkate umelowa kabla haujafika mezani? Nyama gani zinafaa? Inawezekana bila kitimoto? Sina oveni, nifanyeje? Majibu yote yamo humu, ila kuna jambo moja la kulishika kwanza: kinachoharibu sandwichi hii ni maji. Nyanya ina maji, achari ina maji, jibini mbichi ina maji, na hewa ya Dar nayo imejaa unyevu karibu mwaka mzima. Hatua nyingi hapa chini zipo kwa ajili ya kuyazuia maji hayo yasifike kwenye mkate. Zilizobaki ni za kuifanya nyama iwe nyembamba.

Huko Italia kwenyewe panino, yaani sandwichi yao, huwa na vitu viwili vitatu tu: mkate mzuri, nyama moja, labda na jibini. Ile yenye matabaka ya salami (soseji nene iliyokaushwa), mortadela (soseji nene laini iliyopikwa), jibini, mboga, mafuta na siki ni kazi ya wahamiaji wa Kiitaliano waliokwenda Marekani. Wasisilia, yaani watu waliotoka kisiwa cha Sisilia huko Italia, wa mji wa New Orleans ndio walioiongezea zeituni zilizokatwakatwa na kuchanganywa na mboga za siki, katika sandwichi yao iitwayo muffuletta. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya matabaka, kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana, na kwa sababu achari ya zeituni inakubali vizuri mboga za Kisutu na Kariakoo.

Kabla hujaanza

Vipimo hivi ni vya sandwichi 4, kila moja yenye urefu wa sentimita 20 hivi.

Mkate: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 315, chumvi gramu 10, sukari gramu 10, hamira ya chenga ndogo gramu 5, mafuta gramu 25. Soma pakiti ya unga. Ukipata wenye protini gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100, chukua huo. Unga dhaifu wa keki hautafaa.

Nyama: jumla gramu 400, yaani gramu 100 kwa kila sandwichi. Changanya aina mbili au tatu: salami, mortadela, pastrami (nyama ya ng'ombe ya viungo iliyovutwa moshi), bata mzinga wa kuvutwa moshi, au nyama ya ng'ombe utakayoipika mwenyewe.

Jibini: gramu 160. Provolone ndiyo ya asili, lakini si rahisi kuipata kila wiki. Gouda changa hufanya kazi yake vizuri. Jibini za mtindo wa Kiitaliano huweza kupatikana kwenye baadhi ya supamaketi za Dar. Ukiziona, anza na hizo.

Achari: koliflawa gramu 150, karoti gramu 100, pilipili hoho 1, kijiti 1 cha seleri, zeituni za kijani zisizo na kokwa gramu 80, siki, sukari, chumvi, oregano kavu, mafuta ya zeituni.

Mbichi: nyanya 2 ngumu, kitunguu maji 1 kidogo, saladi ya majani, na majani machache ya mrehani ukiwa nayo.

Vifaa: mizani ya jikoni, kisu kirefu chenye makali ya kweli, kisu cha meno cha kukatia mkate, kipimajoto cha nyama, na karatasi ya kuokea ya kufungia. Mizani usiiruke. Kikombe cha unga hubadilika uzito kulingana na jinsi ulivyokijaza, na hapo ndipo mikate mingi inapoharibikia.

Kuhusu kitimoto: salami na mortadela za asili ni za nguruwe. Za ng'ombe na za kuku zipo Dar, lakini usiishie kwenye jina lililoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya pakiti. Geuza, usome viungo. Salami ya ng'ombe huweza kuwa imejazwa kwenye utumbo wa nguruwe, au ikawa na jelatini ambayo chanzo chake hakikutajwa. Kama halali ni sharti kwako, tafuta alama ya halali yenyewe.

Siku moja au mbili kabla: achari

1. Kata koliflawa, karoti, hoho na seleri vipande vidogo vya sentimita 1. Vikiwa vikubwa vitaanguka wakati wa kula.

2. Chemsha siki mililita 250, maji mililita 250, chumvi gramu 10 na sukari gramu 15. Siki iwe ya asidi asilimia 5, na lebo inapaswa kusema hivyo. Ikichemka, tia mboga, hesabu dakika 2, zima moto. Mboga zibaki na mkakamao.

3. Mimina kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, acha ipoe, funga, weka kwenye friji kwa saa 24. Hukaa wiki mbili humo friji. Hii si achari ya kuanika juani wala ya kukaa kabatini.

4. Siku ya kula, chuja robo tatu ya mboga hizo na uziache kwenye chujio dakika 20. Zikatekate pamoja na zeituni, changanya na vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya zeituni na nusu kijiko cha chai cha oregano. Ukipenda kitunguu saumu, saga punje moja uitie hapo.

Tahadhari ya kweli: kitunguu saumu kibichi kilichozama kwenye mafuta kisiachwe nje ya friji. Humo ndani hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, hustawi mahali kama hapo bila kuonyesha harufu wala rangi. Mchanganyiko huu ukae kwenye friji na uishe ndani ya siku 4.

Siku mbili kabla: nyama ya kupika mwenyewe

Wengi huuliza kama wanaweza kutengeneza salami nyumbani. Kwa hali ya hewa ya Dar, hapana. Salami huiva kwa kukaushwa wiki kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 12 hadi 15 na unyevu unaodhibitiwa, pamoja na chumvi maalumu yenye naitraiti, kemikali inayozuia bakteria. Kuitundika jikoni kwenye nyuzi 30 ni kuozesha nyama. Nunua salami, lakini nyama ya ng'ombe ipike mwenyewe. Ni nafuu zaidi, na ladha unaiongoza wewe.

5. Mwambie muuza bucha akupe steki ya paja, kipande kimoja cha kilo 1, kisichokatwakatwa. Sisitiza hilo, maana mazoea ya bucha ni kukata mara tu mizani inaposoma. Paka chumvi gramu 12, pilipili manga iliyopondwa kijiko kimoja cha chai, na oregano. Weka kwenye friji usiku kucha bila kufunika.

6. Kausha kwa tishu ya jikoni, kaanga pande zote kwenye sufuria nzito yenye mafuta kidogo hadi iwe kahawia. Kisha oka kwenye oveni ya nyuzi 130 hadi kipimajoto kilichochomwa katikati kisome 63. Kwa kilo moja ni kama saa moja na robo, lakini amini kipimajoto, usiamini saa. Huna oveni? Baada ya kukaanga, tia nusu kikombe cha maji, funika, punguza moto hadi uwe mdogo kabisa, igeuze kila baada ya dakika 15, na ipime vilevile.

7. Iache ipoe kidogo, kisha friji hadi kesho. Usiikate ikiwa ya moto, maji yake yote yatabaki kwenye ubao.

8. Kabla ya kukata, iweke kwenye friza dakika 45 hadi uso wake ukaze. Sasa kisu kitakata vipande vya milimita 1 hadi 2 bila kusukasuka. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikatisha. Ng'ombe wetu wengi wametembea sana malishoni, na misuli yao ni migumu. Ukikata kwa kufuata nyuzi, mlaji ataivuta nyama yote kwa meno na kuacha mkate mtupu mkononi. Ukizikatisha kwa wembamba huo, nyama ile ile inakuwa laini.

Kilo moja itatoa zaidi ya unayohitaji. Iliyobaki ikae kwenye friji siku 3.

Nyama za kununua, omba zikatwe kwa mashine pale pale kaunta, nyembamba kiasi cha kuona mwanga kupitia kipande cha salami. Mortadela iwe nyembamba zaidi. Ukinunua zilizokwisha kufungwa kwenye pakiti, mara nyingi huwa nene, hivyo punguza idadi ya vipande.

Asubuhi: mkate

Mkate wa slesi hautafaa. Ni mtamu, ni laini mno, na mafuta na siki vitaugeuza uji. Kama huna muda wa kuoka, nunua boflo za asubuhi hiyo hiyo, zenye ganda linalolia ukibonyeza. Ukiwa na muda, oka:

9. Changanya unga, hamira na sukari. Tia maji ya baridi kutoka friji. Usitumie ya uvuguvugu kama mapishi ya nchi za baridi yanavyosema. Jiko la Dar tayari lina joto, na donge likiumuka haraka kupita kiasi linapoteza ladha na nguvu. Koroga hadi unga wote ulowe, funika, acha dakika 20.

10. Tia chumvi na mafuta, kanda dakika 10 kwa mkono. Donge liwe laini, lenye kunata kidogo, linalovutika bila kukatika. Usiongeze unga kwa hofu ya kunata. Paka mikono mafuta badala yake.

11. Funika, acha liumuke hadi lifikie mara mbili. Kwa nyuzi 29 au 30 ni dakika 50 hadi 60.

12. Gawa mara 4, kila kimoja gramu 215 hivi. Bonyeza kiwe bapa, kunja kama barua, finya mshono, kisha viringisha hadi urefu wa sentimita 20. Panga kwenye trei yenye karatasi, mshono ukiwa chini. Funika kwa kitambaa chenye unyevu dakika 35 hadi 40. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, tayari. Likirudi haraka, ongeza dakika 10. Lisiporudi kabisa, oka sasa hivi.

13. Washa oveni nyuzi 220 na iache dakika 20 kamili ishike moto, trei tupu ya chuma ikiwa chini. Chana mikate kwa wembe mara moja kwa urefu, ingiza, mimina kikombe cha maji ya moto kwenye ile trei ya chini na ufunge haraka. Angalia maji yasirukie kioo cha mlango. Oka dakika 18 hadi 20. Oveni nyingi za gesi husema uongo kuhusu joto, kwa hiyo fuata rangi: kahawia iliyoiva, si manjano.

Kwa jiko la mkaa: tumia sufuria kubwa nzito, panga mawe madogo matatu ndani, funika na uipashe moto dakika 15. Weka trei ya mikate juu ya mawe, mkaa mwingi juu ya kifuniko na mdogo sana chini. Dakika 20 hadi 25. Fanya kazi hii nje au barazani. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua.

14. Toa, weka juu ya wavu, acha saa 1 nzima. Mkate wa moto ukikatwa hujikunjakunja ndani, na mvuke wake utayeyusha jibini. Usiufunge kwenye nailoni. Ganda likilegea kwa unyevu wa mchana, rudisha mkate kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 4, kisha uache upoe tena.

Mboga mbichi

15. Saladi ioshe jani moja moja chini ya maji yanayotiririka, kisha isuuze kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Mboga nyingi za majani zinazouzwa jijini hulimwa mabondeni kando ya mito, bonde la Msimbazi likiwemo, na hapa hazipiti motoni. Kausha kabisa kwa taulo safi. Ikate nyembamba kama ukataji wa mchicha.

16. Nyanya zikate milimita 4, panga juu ya tishu, nyunyiza chumvi kidogo, acha dakika 10, kisha zifute juu. Utashangaa maji yatakayobaki kwenye tishu.

17. Kitunguu kikate nyembamba sana, kifikiche na chumvi na kukisuuza, vile vile kama cha kachumbari, kisha kikamue.

Kupanga

Hapa mpangilio ndio kila kitu. Ukibadilisha mfuatano, mkate utalowa hata kama umefuata yote ya juu.

18. Toa jibini na nyama kwenye friji dakika 10 kabla, si zaidi. Kata mkate kwa ubavuni bila kuutenganisha. Chota sehemu laini ya ndani upande wa juu, kidogo tu, upate mfereji wa achari.

19. Tandika jibini chini, gramu 40, ifunike mkate wote hadi ukingoni. Jibini ina mafuta, hivyo inazuia maji yasipite. Ukitumia mozzarella mbichi, ikate mapema, ifunge kwenye kitambaa kikavu dakika 30, na iweke juu ya nyama badala ya chini.

20. Panga nyama kwa kuikunja, kipande kimoja kimoja, ikae na mawimbi. Usiilaze bapa kama karatasi kwenye faili. Nyama iliyokunjwa ina hewa katikati, ni rahisi kutafuna na huonekana nyingi. Mortadela kwanza, nyama ya ng'ombe katikati, salami juu.

21. Juu ya salami weka nyanya vipande 4, kitunguu, na mrehani.

22. Kwenye bakuli, changanya saladi na vijiko 2 vya chai vya mafuta ya zeituni, kijiko 1 cha chai cha siki na chembe za oregano, kwa kila sandwichi. Fanya hivi dakika ya mwisho kabisa. Saladi iliyokaa kwenye siki robo saa hulegea. Iweke juu ya nyanya.

23. Achari ya zeituni, vijiko 2 vikubwa, iingie kwenye ule mfereji wa juu. Funga mkate.

24. Ifunge kwa karatasi ya kuokea kwa kukaza sana, iache dakika 10, kisha kata katikati kwa kisu cha meno, karatasi ikiwa bado imefungwa. Hizo dakika 10 ndizo zinazoishikamanisha. Anayekata papo hapo hupata rundo la vitu kwenye sahani.

Kwa wageni wengi, tumia mkate mmoja wa mviringo wa sentimita 25, acha saladi na nyanya, zidisha achari mara mbili, funga, kisha ukandamize kwa sahani yenye uzito wa kilo 2 ndani ya friji kwa saa 1. Hapo kulowa kidogo kunatakiwa.

Ukiibeba kazini

Nyama na jibini zisizidi saa 2 nje ya baridi. Joto likipita nyuzi 32, saa 1. Daladala ya saa sita mchana ni zaidi ya hapo. Gandisha chupa ndogo ya maji usiku, iweke kwenye mfuko pamoja na sandwichi, na achari na saladi zibebe kando kwenye kikopo. Umeme ukikatika nyumbani, friji isiyofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Baada ya hapo nyama ya kukatwa usiionee huruma, itupe.

Ikienda kombo

*Mkate umelowa chini.* Jibini haikufika ukingoni, au achari haikuchujwa. Kama vyote ulifanya, tatizo ni nyanya.

*Vitu vinachomoka upande wa pili ukiuma.* Ganda ni gumu kuliko vilivyomo, au nyama ni nene. Chota zaidi ndani ya mkate, na punguza nyama hadi gramu 80.

*Mkate ni mzito, umejibana.* Mara nyingi ni unga ulioongezwa wakati wa kukanda. Hamira iliyokaa wazi kwenye unyevu pia hufa. Ijaribu: kijiko cha chai kwenye nusu glasi ya maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Baada ya dakika 10 isipotoa povu, itupe.

*Mkate ulipanda vizuri kisha ukanywea kwenye oveni.* Uliumuka kupita kiasi. Siku za joto kali la Januari na Februari punguza hamira hadi gramu 4 na ukague mapema.

*Ina chumvi mno.* Salami, zeituni na achari zote zina chumvi. Suuza zeituni kwa maji, na usitie chumvi kwenye nyanya siku unayotumia salami nyingi.

*Haina ladha ingawa kila kitu kimo.* Imetoka friji moja kwa moja, na mafuta ya nyama bado yameganda. Ipe dakika 10 mezani. Isipobadilika, ni siki iliyopungua: ongeza nusu kijiko cha chai kwenye saladi, usiongeze kwenye mkate.

*Nyama ya kununua ina utelezi au imeanza kunuka ukali.* Kuiosha hakusaidii, na kuikaanga hakuiponyi. Itupe, na wakati mwingine nunua gramu za siku mbili tu.